Sadaka au Kazi?

Mtu akipatwa na kilema, jawabu letu huwa jepesi: apewe sadaka. Lakini liko swali gumu zaidi ambalo twalikwepa, nalo ni hili: je, tu tayari kumrudisha kazini?

Malori yatokayo bandari yetu ya Mombasa hupanda hadi Nakuru, kisha hushika njia ya Eldoret. Katika njia hiyo, mahali paitwapo Sachangwan, karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka tarehe 31 Januari 2009. Watu walikwenda kuchota, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya 100, na wengi wengine wakaungua. Maiti walihesabiwa, ama waliosalia, nani ajuaye hesabu ya taabu zao? Kovu la moto hukaza ngozi juu ya viungo, na vidole vikishakunjika, jembe na usukani humshinda mtu. Basi na aishije miaka yake iliyobakia?

Haikosi tutasema: na atafute kazi nyingine. Ni kweli, walakini si maneno mepesi. Mwenye kilema cha kudumu leo aweza, kesho maumivu humlaza. Na sisi, tuliomwona jana akitembea, twamwita mvivu. Tena, kuacha kazi aliyoizoea na kukaa mwanafunzi tena mbele ya vijana ni jambo lenye kuumiza moyo.

Tutazame mfano wa nje kidogo ya Bonde la Ufa. Henry Wanyoike, wa Kikuyu, alikuwa fundi viatu. Mwaka 1995 maradhi yalimpofusha. Wengi twamjua kwa medali ya dhahabu ya mbio za mita 5,000 aliyoipata Sydney mwaka 2000 katika michezo ya walemavu. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya medali alikwenda Machakos kujifunza kufuma kwa mashine. Nasi twaona kufuma huko kuna mafunzo makubwa kuliko medali, maana si kila kipofu atakuwa bingwa, bali kila mmoja ahitaji mtu wa kumfundisha kazi.

Na tukitaka mfano wa zamani zaidi, tunaye Ibn Umm Maktum. Alikuwa kipofu, naye alipewa kazi ya kuadhini alfajiri, na Mtume alipotoka safarini alipata kumwachia Madina. Kipofu haoni kupambazuka. Basi wenziwe walimwambia kwamba kumekucha, naye akaadhini. Hawakumnyima kazi kwa sababu ya jambo moja asiloliweza: jambo hilo moja walilichukua wao.

Hapo ndipo ilipo haki. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ulemavu wake, lakini sheria haikai dukani kutwa nzima. Mwenye duka ndiye awezaye kuweka kiti palipokuwa pa kusimama. Mwenye karakana ndiye awezaye kugawa kazi upya ili asiyeweza kunyanyua apime na kuandika hesabu.

Sadaka hutoka mfukoni na kwisha siku ile ile. Kazi hututaka tubadili desturi zetu, ndiyo maana twaiona nzito. Wahenga walisema kabla hujafa hujaumbika. Basi kila mmoja wetu na aitengeneze kazi kwa namna ambayo angependa kuikuta siku kilema kitakapomfika yeye.