Kigugumizi na Kicheko

Somo: Kutoka 4:10-16



Katekisimo ya Kitabu cha Sala huanza kwa swali jepesi kuliko yote: mwanafunzi huulizwa jina lake. Lakini kwa mtoto mwenye kigugumizi hilo ni gumu kupita Amri Kumi. Akitumwa dukani, na neno "sukari" likamkwama, aweza kuzunguka akasema "ile ya kutia kwenye chai". Au akachoka, akarudi na chumvi! Jina halina njia ya kuzungukia. Wenzake hucheka kabla hajamaliza, na mwalimu, kwa huruma, humsemea.

Tusiseme ni laana, wala kwamba mama yake alikosea. Kati ya watoto 100, kama 5 hivi hupata kigugumizi wakiwa wadogo, na wengi hukiacha. Kwa watu wazima hubaki karibu 1. Mara nyingi kimo katika ukoo. Musa naye alikuwa mzito wa kusema. Mungu alimkasirikia kwa kukataa kutumwa, si kwa ulimi wake, akampa Haruni. Wala hatusomi kwamba alimponya. Hata hivyo fungueni Kumbukumbu la Torati: karibu kitabu chote ni hotuba za Musa, yule yule aliyesema hajui kusema! Nadhani wazee wa Israeli walitabasamu.

Sisi wa Shinyanga na Geita tu watu wa utani. Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma na nyimbo za kutaniana, na huko machimboni Nyarugusu au Rwamagasa asiye na neno la kujibu huonekana mnyonge. Kwa hiyo mtoto wa kigugumizi hujifunza mapema kujitania kabla hajataniwa. Ni akili, nami naisifu. George wa Sita, mfalme wa Uingereza toka 1936 hata 1952, alikuwa na kigugumizi. Mwalimu wake, Lionel Logue, alipomwambia kwamba amekwama kwenye herufi moja katika hotuba ya redio, alijibu kwa mzaha kuwa ilimbidi akwame kidogo ili watu wajue ni yeye. Huyo alicheka akiwa huru. Lakini yuko mtoto anayejichekesha kama mtu alipaye kiingilio, apate tu kukaa na wenzake. Wazazi, mtazameni usoni mtamjua. Utani wa kwetu hutaka mwenzako aweze kukujibu. Basi anayekwama apewe muda wa kujibu.

Jambo jingine: wenye kigugumizi wengi huimba bila kukwama, na wakisema pamoja na wengine maneno hutoka vizuri. Yaani katika Ungamo na Imani ya Mitume mtoto yule husema sawasawa na Askofu. Kwaya imwite.

Walimu wa kipaimara, darasa likianza waulizeni watoto majina yao, kisha nyamazeni. Msimmalizie mtu. Na akitia mzaha hapo katikati, chekeni naye, halafu ngojeni tena mpaka jina litoke.