Karamu ya Siku ya Kuzaliwa: Ni Nani Alipe?

Swali moja tumeletewa mara nyingi na vijana wa sharika za mjini, nasi tumeona vema kulijibu hapa, maana si dogo kama linavyoonekana. Mtu huwaita rafiki zake kumi waje kula naye katika hoteli ya Kiitalia, siku yake ya kuzaliwa. Wanakula, wanafurahi. Mwisho mtumishi analeta karatasi ya hesabu, na mmoja anasema, "Tugawanye sawasawa." Je, ndiyo haki?

Wazee wetu wengi hawakuijua siku waliyozaliwa. Waliujua mwaka wa njaa au wa nzige, ikatosha. Basi karamu hii haina sheria ya mababu. Hata katika Kanisa la kale walikuwako walioichukia. Origenes, mwalimu wa Aleksandria, aliandika ya kuwa katika Maandiko ni Farao na Herode tu waliofanya karamu kwa siku hiyo. Sisi hatufuati ukali huo; ila tunaona ya kuwa hata Herode, kwa uovu wake wote, hakuwatoza wageni wake bei ya chakula.

Na huko Italia, chakula hicho kilikotoka, desturi ya kawaida ni hii: anayetimiza miaka ndiye anayelipa. Yeye ameita, yeye anakirimu, na wageni huja na zawadi. Wajerumani nao hufanya vivyo hivyo. Uingereza na Marekani mara nyingi ni kinyume, rafiki humlipia mwenye siku yake. Kugawanya sawasawa Waitalia wanakujua pia, wanakuita alla romana, yaani kwa jinsi ya Warumi; lakini hasa ni kwa rafiki waliopatana tangu mwanzo kwenda kula pamoja, hapo hakuna mwenyeji wala mgeni.

Tena chakula chenyewe huja kwa zamu. Kwanza vitu vidogo vya kufungua kinywa, kisha tambi au wali, kisha nyama au samaki pamoja na mboga, mwisho kitu kitamu na kahawa. Na divai juu yake. Mmoja hupitia zamu zote, na mwenzake, ambaye amekwisha kuhesabu fedha zake chini ya meza, huagiza piza ya nyanya na maji. Ukiwatoza wawili hawa kiasi kimoja, umefanya usawa wa hesabu, lakini haki hukuifanya. Mwanafalsafa Aristotle alikwisha kufundisha ya kuwa magomvi huzaliwa pale wasio sawa wanapopewa sawasawa. Naye hakuwa ameona hoteli zetu.

Tunamjua kijana mmoja, karani wa duka, aliyelipa fungu lake namna hiyo kwa nauli ya juma zima. Hakusema neno, alitabasamu. Kisha akaenda kazini kwa miguu hata mwisho wa mwezi. Alipoalikwa mara ya pili alituma habari ya kuwa ni mgonjwa. Rafiki zake wakamwona ana kiburi. Hapo ndipo ubaya wa jambo hili ulipo, maana hasara ya fedha hupita, lakini huyu amefundishwa kusema uongo ili asiaibike, na wenzake wamempoteza bila kujua sababu. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kula pamoja hali wakiwatahayarisha wasio na kitu. Nao walikuwa wanakula kanisani.

Mtu atasema, "Lakini sisi tumezoea michango, arusi zetu zote ni za michango." Ni kweli, wala hatuilaumu. Ila mchango hutangazwa mapema, na kila mtu huandika kadiri awezavyo. Hesabu ya hotelini huja wakati chakula kimekwisha kushuka tumboni, hata asiyeweza hana pa kukimbilia.

Maskini wa Napoli walilijua hilo vizuri. Zamani waliuziwa piza kwa ahadi ya kulipa baada ya siku nane. Vittorio De Sica aliuonyesha uuzaji wa namna hiyo katika sinema yake L'oro di Napoli ya mwaka 1954. Tena iko desturi huko ya mtu kunywa kahawa moja na kulipia mbili, ili ya pili apewe maskini atakayekuja, asiyemjua. Anayepewa hamwoni aliyelipa, wala haya haimshiki.

Basi jibu letu ni hili. Aliyeita ndiye alipe. Kama hawezi kulisha kumi, na aite watatu, au awaite kumi nyumbani kwa chai na maandazi. Na kama kila mtu atajilipia, aseme hivyo siku anayoalika, pamoja na bei, ili asiyeweza apate kukataa kwa amani. Na hotelini kila mtu aandikiwe hesabu yake. Wale wenye mishahara mizuri wasingoje kuombwa: mmoja na azungumze na mtumishi kando, alipe la mwenzake kabla karatasi haijafika mezani.

Mwalimu mmoja ametuuliza tena kama yafaa kumletea zawadi mtu aliyekwisha kutulisha. Yafaa sana, hata ikiwa mayai sita ndani ya kikapu.