Amana ya Kofia ya Nyasi

Eiichiro Oda alipokubali hadithi yake iigizwe na watu halisi, aliweka sharti zito: Netflix haitairusha tamthilia mpaka yeye aseme ameridhika. Aliwaeleza wasomaji wake hivyo mwaka 2023, na tarehe 31 Agosti mwaka huohuo sehemu nane za One Piece zikaanza kuonyeshwa. Sharti lile halijanitoka kichwani, kwa sababu linaibua swali lisilo na jibu jepesi. Mtu mwenye hadithi ana nini hasa? Akisimama mlangoni kuilinda, analinda kitu gani?

Kwa haraka ungesema analinda mali yake. Oda, mzaliwa wa Kumamoto, alianza kumchora Monkey D. Luffy katika jarida la Weekly Shonen Jump mwezi Julai 1997, akiwa na miaka 22: kijana mwenye kofia ya nyasi anayekwenda baharini kuitafuta hazina ya Gold Roger, haramia aliyeuawa hadharani. Vitabu vya hadithi hiyo vimeshapita 100, na nakala zake zimepita milioni 500. Mwenye kazi kama hiyo ana haki ya kuwa mkali. Lakini ukiitazama tamthilia huku katuni unaijua, utashangaa jinsi alivyokubali kuachia. Don Krieg, ambaye kwenye katuni anapigana na Luffy kurasa kwa kurasa katika mgahawa unaoelea wa Baratie, kwenye tamthilia anaonekana kidogo tu na kumalizwa na Mihawk, mpiga panga. Garp, afisa wa jeshi la majini, ni babu yake Luffy, jambo ambalo wasomaji walingoja miaka mingi kulijua. Watazamaji wameambiwa katika msimu wa kwanza. Pua ndefu ya Usopp, mmoja wa mabaharia wa Luffy, imekuwa pua ya kawaida. Sanji, mpishi wao, havuti sigara. Karibu sura 100 za mwanzo zimebanwa ndani ya sehemu nane.

Basi mfuatano wa matukio haukuwa ndio kitu alichokilinda, wala sura za watu. Naamini jibu liko ndani ya hadithi yenyewe, kichwani mwa Luffy.

Kofia ile si yake. Shanks, haramia aliyepoteza mkono akimwokoa Luffy mdogo kinywani mwa mnyama wa baharini, alimvika na kumwambia airudishe siku atakapokuwa haramia mkubwa. Ni amana, na sisi tunajua amana ilivyo: huiuzi, huigawi, na siku ikifika mwenyewe ataiulizia. Hata hivyo Luffy haifungii sandukuni. Anaivaa juani na kwenye maji ya chumvi, anaingia nayo vitani. Haramia Buggy anaitoboa kwa visu, Nami, baharia mwenzake, anaishona. Siku itakapomrudia Shanks itakuwa na viraka, na hakuna msomaji atakayesema amana imeliwa. Ingeliwa kama aliyeivaa angekuwa mtu wa kuwatupa wenzake ili afike haraka.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa kazi ya kuitoa hadithi kwenye katuni na kuipa miili ya watu. Viraka havina budi kuwepo. Suala ni nani ameivaa na anaishi vipi akiwa ameivaa.

Na viraka vinatokana na jambo la msingi kabisa: kwenye karatasi vitu vyote vina uzito mmoja. Luffy alikula tunda la shetani, mwili wake ukawa mpira. Mkono wake ukirefuka mita kumi, mchoraji anaongeza mistari michache basi. Konokono anayetumika kama simu ni wino, mtu anayelia ni wino, na jicho linawapokea wote kwa imani ileile. Mbele ya kamera usawa huo unakufa. Iñaki Godoy, kijana wa Meksiko anayemwigiza Luffy, ana mifupa. Merikebu yao, Going Merry yenye kichwa cha kondoo, iliundwa kweli kwenye studio za Cape Town, kulekule ambako tamthilia nyingine ya maharamia, Black Sails, ilipigwa picha. Ubao ni ubao, upepo ni upepo, na katikati yake unatokea mkono uliorefushwa kwa kompyuta. Jicho linatambua mara moja kipi kina uzito na kipi hakina.

Kwa hiyo watengenezaji walilazimika kuamua maajabu yapi yabaki. Konokono wa simu walibaki. Nywele za kijani za Zoro, baharia mwingine wa Luffy, zilibaki, pua nyekundu ya Buggy nayo ikabaki. Pua ya Usopp iliondoka. Ukilitafakari hilo unaona hekima kubwa. Konokono ni ajabu ya dunia ile, na mtazamaji huizoea kama mgeni anavyozoea chakula cha nchi aliyofikia. Buggy ni mchekeshaji wa sarakasi, uso wake ni kinyago tangu mwanzo. Lakini Usopp ni kijana anayesema uongo kwa sababu ya upweke, na sisi tunatakiwa tuone hofu yake ikipanda usoni na kushuka. Pua ile, yenye haki yote ya kuwepo kwenye mchoro, ingesimama kati yetu na yeye. Waliitoa ili Usopp abaki.

Usopp ananigusa kwa sababu nyingine pia. Msomaji mmoja aliwahi kumuuliza Oda mabaharia hawa wangetoka nchi gani kama wangekuwa wa dunia yetu. Akajibu: Luffy Brazil, Zoro Japani, Nami Uswidi, Sanji Ufaransa. Usopp akampa Afrika, bara zima, bila nchi. Simlaumu kwa ubaya, lilikuwa jibu fupi kwa swali la kujifurahisha, ila linaonyesha jinsi mchoro unavyoweza kumwacha mtu akielea. Mwili hauruhusu hilo. Jacob Romero Gibson aliposimama mbele ya kamera, Usopp alipata rangi hasa ya ngozi, sauti yake, na namna yake ya kucheka kabla uongo haujamalizika. Akawa mtu mmoja mahususi. Hapo tamthilia iliongeza kitu ambacho katuni haikuwa nacho, na naipongeza bila kusita.

Lakini mahali pa kuipima kazi nzima ni kwa Nami. Arlong na genge lake la watu-samaki walimuua mama aliyemlea, wakamchora chale begani, wakamlazimisha awachoree ramani. Ameiba miaka minane ili akikomboe kijiji chake kwa fedha, na siku ya mwisho anagundua amedhulumiwa. Kwenye katuni, sura ya 81, anachukua kisu na kuichoma ile chale, tena na tena. Luffy anamshika mkono. Anamrushia Luffy mchanga, anamfukuza, kisha anamgeukia na kuomba msaada. Oda amelichora lile ombi kwa mdomo uliopinda na machozi makubwa kuliko macho, kiasi kwamba uso hauna tena uzuri wowote. Halafu Luffy anamvika kofia, anasonga mbele hatua kadhaa, na kujibu kwa sauti inayojaza ukurasa.

Hakuna mwigizaji anayeweza kulia machozi ya ukubwa ule. Emily Rudd, anayemwigiza Nami, hakujaribu. Uso wake unakunjamana kidogo tu, sauti inakatika, na anaomba kama mtu ambaye hajawahi kuomba kitu na hajui ombi linavyosemwa. Godoy anavua kofia. Kwenye katuni ni wewe uliyeamua utakaa muda gani kwenye ukurasa ule. Kwenye tamthilia muda si wako. Unabebwa, na baada ya sekunde chache wamekwishaondoka. Ungetarajia kitu kipotee. Mimi naona kimoja kilipotea, ule ukelele mkubwa wa wino, na kimoja kikapatikana: kijana mwenye mifupa, anayeweza kuvunjika, anaiacha amana yake kichwani mwa mtu mwingine na kwenda kupigana. Mwili wa mpira unatufanya tusahau kwamba Luffy anahatarisha maisha. Mwili wa Godoy unatukumbusha. Ushujaa uleule umekuwa na gharama inayoonekana.

Ndiyo maana sidhani kwamba tatizo la kazi nyingi za aina hii ni kubadilisha mno au kunakili mno. Kampuni iliyotengeneza One Piece, Tomorrow Studios, ndiyo iliyotengeneza Cowboy Bebop ya mwaka 2021, yenye mavazi na muziki wa kuaminika kabisa, na ilifutwa baada ya msimu mmoja. Waliipata kofia bila kujua nani aliiacha na kwa ahadi gani.

Liko jambo zito zaidi. Kwa mtu wa pwani yetu, haramia si wa kwenye vitabu. Maharamia wa Somalia walishikiliwa na kuhukumiwa Mombasa, na mabaharia waliotekwa walikuwa na wake na watoto. Luffy anatumia jina hilohilo akimaanisha mtu huru kuliko wote baharini, na wanaowaonea wanyonge mara nyingi ni watawala na wanajeshi wa serikali. Mchoro unaweza kugeuza maana hivyo kwa urahisi, kwa sababu wino haumwagi damu. Je, maana hiyo inastahimili ikiingia kwenye mwili?

Mwaka 2025 swali hilo lilitoka kwenye skrini. Bendera ya Luffy, fuvu lenye kofia ya nyasi, ilipeperushwa Indonesia mwezi Agosti. Septemba ilitundikwa Nepal kwenye lango la Singha Durbar, makao ya serikali, katika maandamano ambayo zaidi ya watu 70 walipoteza maisha. Mwezi huohuo vijana wa Madagaska waliingia mitaani kudai maji na umeme, wakaichukua bendera ile na kubadilisha kofia: juu ya fuvu wakaweka satroka, kofia ya Wabetsileo. Hao ni watu wa nchi ambayo kisiwa chake cha Sainte-Marie kilikuwa kituo cha maharamia wa kweli mwishoni mwa karne ya 17. Hawakumwomba mtu ruhusa, wala hakukuwa na mwandishi wa kusema ameridhika.

Nimejiuliza kama ule ni uvunjaji wa amana. Nimefika mahali pa kusema hapana. Oda alikuwa na haki ya sharti lake, kwani kampuni inayouza hadithi inahitaji mtu wa kuikumbusha ahadi. Lakini kijana wa Antananarivo aliyeshona satroka mahali pa kofia ya nyasi alifanya kazi ileile waliyoifanya watengenezaji walipoondoa pua ya Usopp: alitoa kilichosimama kati ya hadithi na uso wake. Tofauti ni kwamba yeye alilipa kwa mwili wake mwenyewe, na wenzake kadhaa hawakurudi nyumbani. Mtu akisema katuni ni mambo ya watoto, namwomba aeleze kwanza kwa nini watu wazima wenye silaha waliogopa kitambaa kile.

Msimu wa pili nao ulipigwa picha Cape Town. Kabla hujautazama, soma sura ya 81, kisha tazama sehemu ya saba ya msimu wa kwanza, siku moja, kwa mfuatano huo. Usihesabu kilichobadilika. Mtazame Nami akiomba, uone kama wewe ungesimama.