Njuga za Mjomba

Tuseme palikuwa na kijana huko Kinole, kwenye miteremko ya Uluguru, mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu. Waliokuja sokoni na ndizi, mananasi na pilipili manga walimwachia memori kadi zao, wakazifuata jioni zimejaa Mbaraka Mwinshehe, Cuban Marimba na singeli.

Mjomba wake alikuwa fundi wa ngoma za jadi, na kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba si mtu wa kufanyiwa mzaha. Kijana akaazima kinasa sauti kizuri, akamrekodi saa nzima: uimbaji, ngoma, makofi, njuga za miguuni. Faili halikubanwa hata kidogo. Sampuli 44,100 kila sekunde, kama kwenye CD. Lilikula megabaiti zipatazo 635. Akalitengenezea nakala ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, nayo haikufika hata megabaiti 60.

Akawapigia wateja yote mawili kwenye spika ya kibandani, bila kuwaambia lipi ni lipi. Wakabahatisha tu. Mmoja aliapa kwamba lile dogo ndilo lenye besi ya kweli. Mwisho akamwita mwenye sauti.

"Shikamoo mjomba. Unasikia tofauti?"

"Marahaba. Sasa mpwa wangu, zote si mimi?"

Tusimcheke kijana. Jaribio lake lilikuwa la haki kuliko maneno ya wauza spika wengi. MP3, ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, imejengwa juu ya udhaifu wa sikio: sauti kubwa ikilia, ndogo iliyo jirani yake hufunikwa, basi hiyo ndogo hutupwa au huandikwa kwa ukarimu mdogo. Na sikio hudanganyika hata kwa wenye vyombo vya gharama. Mwaka 2007 Meyer na Moran, huko Marekani, walichapisha matokeo ya kuwasikilizisha watu rekodi za ubora unaozidi CD, kisha zilezile zikiwa zimeshushwa hadi kiwango cha CD. Katika majaribio 554, yaliyopatiwa ni 276.

Kwa hiyo kijana alipata jibu sahihi, ila la swali la kusikiliza. Yeye akalitumia kuamua la kutunza: akafuta faili kubwa.

Baadaye akakata mwanzo wenye kikohozi, akahifadhi tena kwa MP3. Akaongeza sauti, akahifadhi. Akachomoa vipande vya miito ya simu, akavibana zaidi, na vingine akaviunganisha upya. Kila mara programu ilitupa kitu kutoka kwenye kilichokwisha kutupwa, na nakala ya awali alikuwa ameifunika kwa jina lilelile. Njuga ndizo zilizoumia kwanza. Mlio mkali wa ghafla huisumbua sana MP3: uchafu wake huvuja hadi kabla ya pigo lenyewe. Zikaanza kuchachatika kama mafuta ya kukaangia.

Mjomba alipofariki, ukoo ukataka sauti yake kwa ajili ya arobaini. Kijana akaligeuza faili kuwa WAV, akaona limevimba mara kumi, akafurahi. Likapigwa. Mafuta yakachachatika vilevile, kwa megabaiti nyingi zaidi.

Angelibana lile faili la kwanza kwa FLAC, iliyokuwepo tangu 2001, lingepungua labda hadi nusu na kurudi zima kila lifunguliwapo. Hata bila kubanwa, flashi ya gigabaiti 32 ingebeba saa kama 50 za namna ile.

Dada mkubwa wa marehemu hakutaka kusikia habari za flashi.

"Ile ya kwanza iko wapi?"

"Niliifuta, mama. Nilikuwa natafuta nafasi."

"Nafasi ya kuweka nini?"

Akataja singeli.