Pembe Haitwahariki kwa Kuchongwa

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo niliyosomeshwa chuoni nikiwa mtoto Tanga, pembe ya ndovu ni najisi. Ndovu haliwi, kwa hiyo hata akichinjwa kwa bismillahi hukumu yake inabaki kuwa ya mzoga, na mfupa na jino la mzoga ni kama nyama yake. Wenzetu wa Hanafi wanaona vingine. Kwao mfupa mkavu haukuwa na uhai wa kuutoka, basi ni twahara. Hitilafu hii ni ya karne nyingi na mimi nilikuwa naijua kama mtu anavyoijua njia asiyoipita, mpaka nilipoanza kukusanya netsuke.

Wajapani wa enzi ya Edo, kati ya 1603 na 1868, walivaa kimono, na kimono haina mifuko. Mwanamume aliyetaka kutembea na tumbaku yake, muhuri wake au vidonge vyake alivitia katika kifuko au kijaluba, akakining'iniza kwa uzi kwenye mshipi wa kiunoni. Ili uzi usichomoke, ncha yake ya juu ilifungwa kitu kigumu kilichokaa juu ya mshipi. Kitu hicho ndicho netsuke. Ni kishikizo tu, kinachoenea kiganjani, lakini mafundi walikichonga pande zote hata chini, mahali ambapo jicho halifiki ila kidole kinafika. Mwaka 1781 Inaba Tsuryu wa Osaka alitoa kitabu chake Soken Kisho, na humo akaorodhesha wachongaji zaidi ya 50 kwa majina, vishikizo vya kiunoni vikahesabiwa kuwa kazi ya kutajiwa mtu. Baada ya 1868 Wajapani walianza kuvaa suti na kuvuta sigara. Suti ina mifuko. Netsuke zikauzwa kwa wageni kwa mafungu, na ndiyo maana leo ziko nyingi Ulaya na Marekani.

Mkusanyo wangu ni mdogo na una mpaka: sinunui sanamu ya kiumbe chenye roho. Ng'ombe waliolala wa fundi Tomotada, panya, nyani na sungura wa mafundi wa Kyoto na Osaka, hao naenda kuwatazama makumbusho London, nawaridhia, narudi nyumbani. Kuna watakaoniambia kwamba kidude cha sentimita nne hakiabudiwi na mtu, na kwamba hata wanasesere wa watoto wameruhusiwa. Sibishani nao. Mpaka huu umenifaa, kwa sababu umenipeleka kwenye netsuke ambazo wakusanyaji wengi wanazipita: uyoga, ganda la maharage, njugu iliyotobolewa na funza, makombe ya baharini. Ninalo tunda la yungiyungi lililochongwa kwa mti wa tsuge, mti mgumu wenye rangi ya asali, na mbegu zake zinacheza ndani ya vitundu vyake bila kutoka. Hazikutiwa kutoka nje. Fundi alizichonga humo humo, katika kipande kile kile cha mti, akaziacha huru kidogo kidogo kwa ncha ya kisu mpaka zikaanza kulia zikitikiswa. Mti ni twahara, na tunda hili sina neno nalo ila furaha.

Shida ni kombe la pembe. Nilipewa na bibi mmoja hapa Leicester niliyemtengenezea meno ya bandia, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Lilikuwa la marehemu mumewe, na alikuwa amekwisha kuambiwa mnadani kwamba haliuziki. Sheria ya Pembe ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, imezuia biashara ya vitu vya pembe ya ndovu isipokuwa vichache sana, kama kazi za kabla ya 1918 zenye daraja ya juu kabisa ya sanaa, tena kwa cheti. Kombe halina hata sahihi ya fundi. Lakini kukaa nalo, kulitoa zawadi na kulirithisha, hayo sheria haikuyagusa. Basi akanipa, na mimi nikapokea, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulitazama ndani.

Ni kombe la magamba mawili, limeachama kidogo. Wajapani wanasimulia, kama Wachina kabla yao, kwamba kombe kubwa la baharini likihema, pumzi yake inapanda juu ya maji na ndani ya ukungu ule linaonekana jumba la mfalme wa joka. Mazigazi ya baharini, kwa kweli, lakini wameyapa asili. Ukilisogeza kombe langu karibu na taa utaona ndani yake paa tatu zilizopindwa ncha, ngazi, lango, na misonobari miwili ambayo kila kishada chake ni mikwaruzo midogo kuliko unywele. Hakuna mtu ndani. Nyuma kuna matundu mawili ya kupitishia uzi, moja pana zaidi ili fundo lizame ndani lisionekane. Kingo za tundu lile pana zimelainika kwa kusuguliwa na uzi, na upande mmoja wa gamba umegeuka rangi ya chai hafifu kwa miaka ya kukaa mwilini mwa mtu. Mtu huyo alilivaa. Halikukaa kabatini.

Na karibu na bawaba kuna nukta nyeusi, ukubwa wa kichwa cha pini. Mkusanyaji wa kawaida ataiona kasoro ndogo. Mimi kila siku niko na meno, najua ni nini. Pembe ya ndovu ni jino la mbele la taya ya juu lililorefuka, na katikati yake unapita mfereji wa mshipa wa fahamu. Upande wa shina mfereji huo ni uwazi mpana. Unaelekea ncha ukiwa unasinyaa mpaka unabaki uzi mweusi. Fundi wa netsuke alipenda sehemu ya kuelekea ncha kwa sababu haina uwazi, na alipokata alikutana na uzi huo. Nukta ile ndipo jino lilipokuwa likisikia maumivu. Na jino hilo theluthi yake hivi imezama ndani ya fuvu, kwa hiyo wawindaji waliolitaka zima walimuua mnyama kisha wakamkata uso. Siwezi kulishika kombe bila kujua hivyo, na sitaki kuweza.

Nilimpigia simu ami yangu, mwalimu wa chuo Tanga. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama limelowa.

"Hapana, Ami. Kavu."

"Kavu kwa kavu hakuna kinachohama. Kwani nani kakwambia ulitupe? Kaa nalo, mwanangu. Usilitie maji, usiswali nalo, usiliuze. Basi."

Katika maneno yale machache ami alikuwa amelijibu suala ambalo wapenzi wa sanaa wanalizunguka. Suala ni hili: je, uzuri wa kazi unakisafisha kitu kilichofanyiwa kazi? Fundi akimwaga miezi yake juu ya kipande cha jino la mnyama aliyeuawa, je, kinachobaki mkononi ni kazi ya fundi peke yake?

Fiqhi inajua vitu vinavyogeuka. Pombe ikigeuka siki yenyewe inakuwa twahara. Ngozi ya mzoga ikidibaghiwa kwa dawa kali inatwaharika. Wanavyuoni waliiweka milango hiyo wakijua vizuri kwamba vitu havikai katika hali moja. Kuchonga hakumo. Umbo jipya halikigusi kilichomo ndani. Jumba la mfalme wa joka limo katika jino lile lile lililokuwa kinywani mwa ndovu, na paa tatu zile hazikuondoa hata tone la damu. Nalipenda jibu hili kwa sababu halimdharau fundi. Linamwachia heshima yake yote, ila linakataa kumfanya awe mwenye kusamehe kwa niaba ya mnyama.

Wakusanyaji wana maneno yao ya kujipoza. Kwamba ndovu yule amekufa zamani. Kwamba walioua si wao. Kwamba kitu kimeishi karne mbili na kimekuwa binadamu mwenzetu. Edmund de Waal aliandika kitabu kizuri, The Hare with Amber Eyes, kilichotoka 2010, juu ya netsuke 264 za ukoo wake wa Ephrussi: zilinunuliwa Paris katika karne ya 19, zikahamia Vienna, na Wanazi walipoingia 1938 wakalipora jumba la ukoo, mtumishi aitwaye Anna akazichukua chache chache mfukoni na kuzificha ndani ya godoro lake. Nilikisoma nikalia kwa ajili ya wale watu. Lakini nimeshuhudia jinsi visa vya namna hii vinavyotumiwa mezani na wakusanyaji: mateso ya watu walioshika netsuke yanakuwa pazia la kuyafunika ya mnyama aliyetolewa netsuke. Maumivu mawili hayafutani.

Wala sisi wa pwani hatuna pahali pa kusimama pembeni. Pangani, karibu tu na Tanga, ilikuwa bandari ya misafara ya pembe, kama Bagamoyo. Pembe ziliteremka kutoka bara juu ya mabega ya wapagazi, baadhi yao hawakuulizwa, zikavuka Unguja, kutoka hapo Bombay na London na Marekani, ambako nyingi ziligeuzwa vibonye vya piano. Hamed bin Muhammed el Murjebi, tuliyemzoea kwa jina la Tippu Tip, alijitajirisha kwa biashara hiyo, na maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili hiki hiki. Pembe za Wajapani wa Edo ziliingia kupitia Nagasaki, kwa majahazi ya Wachina na meli za Waholanzi, na nyingine zilikuwa masalia yaliyobaki baada ya kukatwa vipigio vya zeze lao la shamisen. Pembe ikishakatwa kipande cha ukubwa wa lozi haina tena uso wa nchi. Kwa hiyo sidai kwamba kombe langu limetoka kwetu. Nadai kwamba mkono wa pwani ulikuwa katika biashara hiyo kwa upana wake wote, na siwezi kuwanyooshea kidole Wajapani huku siwa ya Pate, baragumu la pembe lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, ni fahari ya makumbusho ya Lamu. Watu wa Pate walikuwa Mashafi. Waliipuliza harusini na sherehe za wakubwa, nadhani kwa dasturi ya kutokuuliza.

Wajapani walikuwa wanauliza, kwa njia yao. Kila tarehe 8 Februari washonaji huko Asakusa, Tokyo, wanapeleka sindano zao zilizovunjika hekaluni na kuzichoma ndani ya tofu laini, wakizishukuru kwa kazi. Katika kijiji cha wavuvi cha Kayoi, mkoa wa Yamaguchi, kuna kaburi la nyangumi lililojengwa mwaka 1692. Wawindaji walipomkata nyangumi jike wakakuta kijusi, walikizika kwa kaburi na kukiombea, na hekalu la hapo limetunza daftari la nyangumi waliouawa, kila mmoja amepewa jina la marehemu kama Mbudha yeyote. Waliendelea kuwinda. Walihitaji kula, na hawakujificha nyuma ya haja yao. Dini yao si yangu na ibada yao siifanyi, ila nakubali kwamba walikiona kitu ambacho mnada wa London haukukiona: anayefaidika na kifo ana deni, na deni hilo kwanza ni la kutamka.

Miezi kadhaa baadaye ndipo niligundua kitu kilichonikalisha kitako. Mashafi hawasemi kwamba kitu cha najisi hakina mwenyewe. Wanasema si mali. Hakiuzwi, hakina bei, lakini aliye nacho ana haki ya kuwa nacho kuliko mwingine, haki wanayoiita ikhtisasi, na anaweza kuiachia kwa urithi au wasia, kama mbwa wa kuwindia. Nikaweka sheria ya Uingereza kando yake. Unaweza kukaa na pembe, kuitoa, kuirithisha; kuuza, hapana. Wabunge wa London, wakifikiria majangili na idadi ya ndovu waliobaki, wakafika pale pale walipofika mafakihi wakifikiria twahara ya sala. Sioni kwamba ni bahati. Wote wamekataa kumfanya mtu mwenye milki kamili wa kitu ambacho hakikuwa chake kukitwaa.

Hilo pia ndilo jibu langu kwa wanaosema nilichome. Kenya ilichoma tani 105 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi mwezi Aprili 2016, na nilifurahi, kwa sababu moto ule ulikuwa unaiua bei. Kombe langu halina bei ya kuuawa. Likiungua, ndovu harudi, na ushahidi wa nukta nyeusi unaondoka naye.

Basi naishi nalo kama ami alivyosema. Nikitaka kuswali nalitoa mfukoni na kuliweka juu ya rafu ya karakana, kitu kilichochongwa ili kikae mwilini, nacho hakiruhusiwi mwilini nyakati tano za siku. Anayekuja kuliona namwonyesha nukta kwanza, ndipo jumba. Wengine wanakasirika kwamba nimewaharibia, na sibadilishi utaratibu.

Binti yangu ameshalitaka. Tumeandika wasia wa tunda la yungiyungi na netsuke nyingine za mti kama mali, kwa mafungu ya mirathi. Kombe limeandikwa peke yake, kwenye karatasi nyingine, bila thamani mbele ya jina lake. Aliponiuliza kwa nini, nilimpa simu aongee na babu yake wa Tanga, na wameongea mpaka salio likakatika.