Y ya Pili na Hukumu ya Haraka

Mwaka 1965 mtaalamu wa jenetiki Patricia Jacobs na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika hospitali yenye ulinzi mkali ya Carstairs, Scotland. Miongoni mwa wanaume waliozuiliwa humo, wenye kromosomu Y mbili walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na muda si muda magazeti yakawa yamempata mhalifu wa kuzaliwa. Mwaka 1968 ikavuma Marekani kwamba Richard Speck, aliyewaua wanafunzi wanane wa uuguzi mjini Chicago, alikuwa mmoja wao. Vipimo vilionyesha ana X moja na Y moja, kama wanaume walio wengi, lakini uvumi haukukoma. Hadubini haikudanganya, waliokosea ni waliosahau mahali ilipoelekezwa. Anayehesabu watu mlangoni mwa zahanati ataapa kwamba mji mzima unaumwa. Takriban mtoto 1 kati ya wavulana 1,000 huzaliwa na XYY, yaani X moja na Y mbili, na wengi wao huishi, huoa na kuzikwa bila kujua. Utafiti wa Denmark wa mwaka 1976, ulioanzia kwa wanaume warefu wa Copenhagen badala ya wafungwa, uliwakuta wenye XYY wametiwa hatiani mara nyingi zaidi kuliko wengine, ila haukupata ushahidi kwamba ni watu wa fujo na vipigo.

Nashikilia, basi, kwamba ugonjwa ni habari ya mtu na maisha yake. Umbo la kromosomu ni ushahidi tu. Atakayeuliza kama hapo ugonjwa haugeuki kuwa maoni, na atazame trisomi 13, yaani kromosomu 13 tatu badala ya mbili: moyo na ubongo huumbika vibaya, na watoto walio wengi hufariki kabla ya kutimiza mwaka, jamii iwaone vyovyote itakavyo. Mwanafalsafa Georges Canguilhem alikwisha kusema mwaka 1943 kwamba kuwa tofauti si kuumwa, mpaka tofauti hiyo iubane uhai wenyewe. Wapo wanaotaka kipimo chepesi zaidi, yaani wingi: kilicho adimu ndicho kasoro. Ni kweli kwamba kipande cha kromosomu 9 kilichogeuka juu chini huonekana kwa mtu 1 hadi 3 kati ya 100, na maabara nyingi hukipuuza. Lakini kuna watu, kama 1 kati ya 1,000, ambao kromosomu zao mbili zimeungana wakabaki na 45. Ni adimu, na ni wazima kabisa, hadi watakapotafuta mtoto, na kwa baadhi yao mimba kuharibika tena na tena. Kromosomu ni ileile, ila jibu linategemea unamuuliza nani na kuhusu jambo gani.

Pingamizi zito ni la kliniki: mjamzito aliyeambiwa kijusi chake kina XYY hana muda wa falsafa, anataka jibu. Apewe, pamoja na uwezekano wa urefu na wa kuchelewa kusema, ila litokane na watoto kama wa Edinburgh, waliopimwa walipozaliwa bila kuchaguliwa na kufuatiliwa hadi wakakua, si kutoka wodi za Carstairs.