Moto wa Kamera na Moto wa Nyumba

Tuseme kikundi cha filamu kinafika Kiyeyi, huku Tororo. Wanalipa vijana wajenge nyumba ya miti na nyasi, nzuri kabisa, halafu jioni wanaitia moto huku kamera zinachukua. Wanasema nyumba ile ni alama ya yote tuliyopoteza. Je, ni haki?

Wengi watajibu haraka: huo ni upotevu. Mama anatembea mbali kutafuta kuni, na ninyi mnachoma miti kwa ajili ya picha! Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Kuna wakati mtu anaharibu kitu cha thamani kwa kusudi, na anafanya vyema.

Julai 1989, Rais Moi wa Kenya alitia moto tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ule ulikuwa moto wa kamera kweli kweli. Pembe haishiki moto kama kuni, ikabidi atafutwe fundi anayejua mioto ya sinema ili rundo liwake. Pembe zile zingeuzwa kwa mamilioni ya dola, na nchi ilihitaji pesa. Lakini picha ilizunguka dunia, na Oktoba mwaka ule ule nchi za mkataba wa CITES zikapiga kura kuzuia biashara ya kimataifa ya pembe. Moto peke yake haukuleta hayo, ila ulisikika. Aprili 2016 Kenya ikachoma tena, safari hii tani 105.

Kwa nini moto ule uliaminika? Kwa sababu mchomaji alichoma chake. Angeweza kuuza, akachagua kukosa. Sasa pima nyumba yetu ya filamu kwa kipimo hicho. Mwenye kamera anapoteza nini? Amenunua miti, anaondoka na picha. Sisi tunabaki na majivu.

Tena moto si alama kwa kila mtu. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa, likiwa na watu waliokimbilia humo. Siku zile maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba, wengine wakapokewa Mulanda, humu humu Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Kwa mtu aliyekimbia nyumba inayowaka, harufu ya nyasi zikiungua haimkumbushi tu. Inamrudisha kule kule. Na mtoto wake hatauliza kama kamera ipo.

Sisemi sanaa ikatazwe, hapana. Huenda kuna mtu kati yetu anayetaka kuchoma kitu chake apumue. Basi achague mwenyewe: kitu gani, mbele ya nani, na picha iende wapi.

Ninyi ndugu zetu wa mashirika, msiulize mwenyekiti peke yake. Na msiulize huku mmeshika pesa mkononi, maana mtu mwenye njaa atasema ndiyo hata kwa jambo linalomuumiza. Ulizeni kwanza, nendeni, mrudi baada ya siku chache kusikia jibu. Likiwa ni hapana, msikasirike. Miti hiyo mtuachie, tujengee choo.